Lango la Kigali: kutoka Nyabugogo hadi Biryogo

Nilikuwa nimeahidi kwamba juma hili ukurasa wetu ungeeleza namna ya kuhifadhi maharagwe yasibunguliwe na fukusi. Nawaomba mniwie radhi. Maharagwe yatangoja juma moja, kwa kuwa yametokea nyumbani kwangu mambo mawili, yote katika siku moja, ambayo sikuweza kuyanyamazia. Na nadhani wazazi wengi wanaoishi katika makazi ya askari wamepata kukutana na mfano wake.

La kwanza lilikuwa dogo. Kijana wangu wa miaka 11 alirudi na kazi ya shule. Kitabuni mwao palikuwa na picha ya mji wa kale uliozungukwa na ukuta, wenye lango kubwa la mbao na walinzi wawili, na mwalimu aliwaambia waandike habari za lango la mji wao. Kijana akaniuliza, "Mama, lango la Kigali liko wapi?"

La pili lilikuja jioni tulipokuwa tunakula. Alisema kwa sauti ya chini kwamba angependa tuache kuongea naye Kiswahili mbele za watu, kwani wenzake walimsikia akiongea na dada yake njiani wakamwita "umuswahili". Msomaji anayekijua Kinyarwanda anafahamu kwamba neno hilo, likitamkwa kwa namna fulani, halimtaji mtu wa pwani wala msemaji wa lugha fulani. Humtaja mjanja, mtu wa mjini asiyeaminika, wa kuangaliwa mikono anapoingia nyumbani. Baba yake, ambaye ni polisi na ambaye Kiswahili amekitumia kazini miaka yote, aliweka kijiko chini. Mimi, ambaye bibi yangu mzaa mama alizaliwa Biryogo, sikupata neno la kusema.

Jumapili iliyofuata baba yao alikuwa zamu. Nikawachukua watoto wote wawili, nikawaambia tunakwenda kulitafuta hilo lango.

Tuanze na ukweli kwamba si kila mji ulijengwa kwa ukuta. Harar, kule Ethiopia, ulizungushiwa ukuta katika karne ya 16 ukawa na malango matano, na ukuta huo ungaliko hadi leo. Maskati, mji mkuu wa Oman, ambako wako watu wengi wasemao Kiswahili, ulikuwa na malango yaliyofungwa usiku. Na hadi mwaka 1970 aliyetembea ndani ya mji baada ya saa hizo alitakiwa achukue taa mkononi ili aonekane ni nani. Kwetu Rwanda wafalme wa zamani walihama na makao yao kutoka kilima hadi kilima, na makao ya Nyanza yalianza kutulia mwaka 1899 tu. Lililokuwapo ni irembo, yaani uwazi wa kuingilia katika ua wa nyumba, ambapo mgeni husimama akabisha kabla ya kukaribishwa. Kijana alicheka nilipomwambia kwamba neno hilo ndilo lililopewa mtandao wa serikali tunakoombea vyeti siku hizi. Kwa hiyo kila Mnyarwanda aliyepata kuomba cheti cha kuzaliwa kwa simu amepita langoni pasipo kujua.

Kigali yenyewe ni mji mchanga. Ukimwuliza dereva yeyote wa basi mlango wake uko wapi, atakuonyesha Nyabugogo. Huko ndiko tulikoanza, saa mbili za asubuhi.

Nyabugogo ni bonde. Mto wenye jina hilo hutoka ziwa Muhazi na kwenda kuungana na Nyabarongo, na barabara za kaskazini na za kusini hukutana papo hapo kabla ya kupanda mjini. Mabasi ya Musanze, Rubavu, Huye na Gatuna huanzia hapo, hata ya Kampala. Askari wangapi miongoni mwenu mlishuka hapo siku ya kwanza mlipokuja kuripoti kazini, sanduku mkononi, mkiuliza njia? Baba wa watoto hawa alishuka hapo. Aliniambia kwamba mtu wa kwanza kumwelekeza alimsemesha kwa Kiswahili, kwa kuwa kituoni humo wapo watu wa kila nchi jirani, na lugha ya mizigo na ya nauli ni hiyo. Nawashauri wazazi wawashike watoto mikono katika kituo hicho, na pesa ziwekwe mfuko wa ndani. Zaidi ya hapo sina la kusema juu ya Nyabugogo; ni pa kupita, si pa kukaa.

Kutoka bondeni tulipanda kwa miguu kuelekea Nyarugenge, mpaka kwenye nyumba ambayo ndiyo kitu cha kale kuliko vyote ambacho mji huu unaweza kumwonyesha mgeni. Ni nyumba ya Richard Kandt. Bwana huyu alikuwa daktari Mjerumani, mzaliwa wa Posen mwaka 1867, aliyeingia Rwanda mwaka 1898 akitafuta chanzo cha mto Nile, akakifuata hadi kijito cha Rukarara katika msitu wa Nyungwe. Mwaka 1907 serikali ya Kijerumani ilimfanya Mwakilishi wake katika nchi hii, chini ya mfalme Yuhi Musinga, naye akachagua kilima cha Nyarugenge kwa sababu kilikuwa karibu na katikati ya nchi. Mwaka huo ndio unaohesabiwa kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa Kigali. Kandt aliondoka kwa likizo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, asirudi tena. Alifariki Nuremberg mwaka 1918. Nyumba ilikuja kuwa makumbusho ya elimu ya viumbe, na tangu mwaka 2017 inaitwa Makumbusho ya Nyumba ya Kandt, ikisimulia pia habari za utawala wa Wajerumani.

Watoto, kama ilivyo desturi yao, walitaka nyoka. Makumbusho hayo hufuga nyoka, na binti yangu wa miaka saba alisimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya picha zote za kale. Simlaumu. Lakini kijana alibaki uani akitazama Mlima Kigali ng'ambo ya bonde, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Huyu Mjerumani alikuwa akiongea na watu kwa lugha gani?"

Basi nikamweleza, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwani ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Wajerumani hawakuja peke yao. Walikuja na askari, makarani, wapishi na wapagazi waliotoka pwani na Tanganyika, na nyuma yao wakafuata wafanyabiashara wa Kiswahili, wa Kiarabu na wa Kihindi, wakauza nguo, chumvi na shanga. Lugha ya kazi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki ilikuwa Kiswahili, nayo ndiyo iliyopanda kilima cha Nyarugenge pamoja nao. Musinga mwenyewe, mfalme aliyekataa kubatizwa mpaka Wabelgiji wakamwondoa madarakani mwaka 1931, alijifunza Kiswahili. Kwa hiyo lugha inayomtia aibu mtoto wangu njiani ilitumika katika Kigali siku ile mji ulipokuwa nyumba chache za udongo, nayo ilisemwa hata katika makao ya mfalme.

Kijana akasema, "Sasa kwa nini wananicheka?"

Nilimwambia tupande basi.

Biryogo iko upande wa Nyamirambo, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji. Tulishuka tukaingia mtaani kwa miguu. Mwaka 2021 baadhi ya njia zake zilifungwa magari, zikapakwa rangi chini, na wenye migahawa wakatoa meza zao nje. Siku ya Jumapili watu hujaa. Si mbali na hapo upo msikiti wa Al-Fatah, ulioanzishwa mwaka 1913, ambao ndio wa kwanza katika Rwanda nzima. Mbele zaidi kuna uwanja wa mpira wa Nyamirambo ambao tangu mwaka 2023 unaitwa kwa jina la Pelé. Kijana wangu alitaka twende huko moja kwa moja, nami nikamwambia ataishia kuona kuta tu.

Tulikaa tukaagiza chai ya mukaru, ambayo ni chai iliyopikwa kwa tangawizi nyingi, pamoja na chapati. Meza ya jirani alikuwa ameketi mzee mmoja aliyemfahamu marehemu bibi yangu. Amepita miaka 80, na Kiswahili chake kina ladha ambayo vijana wameshaipoteza. Nilimsalimu, nikamwambia kwamba mjukuu wake huyu analitafuta lango la Kigali.

"Umeliketia, mwanangu," alimwambia kijana. "Lango lilikuwa hapa hapa, ila halikuwa la mbao. Lilikuwa la karatasi."

Wabelgiji walipoitwaa Kigali mwaka 1916 waliwakuta Waswahili, na hawakuwapenda. Waliwaona kuwa watu wa Wajerumani, tena Waislamu, tena watu wasiokuwa chini ya chifu yeyote. Elimu iliwekwa mikononi mwa misheni, na mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma alikuta njia nyembamba. Waswahili walitengewa mahali pao pa kukaa katika kila mji, palipoitwa kambi ya Waswahili, na ya Kigali ilikuwa Biryogo. Mkazi wake hakuweza kutoka kwenda kokote apendako. Ilimbidi awe na ruhusa iliyoandikwa.

Mzee alisimulia kwamba alipokuwa mtoto, katika miaka ya 1950, baba yake alikuwa muuza vitambaa. Siku moja waliletewa habari kwamba shangazi wa baba yake amefariki, kwenye kilima ambacho ukisimama Biryogo unakiona kwa macho. Baba alikwenda ofisini asubuhi kuomba ruhusa, akaambiwa mwenye mhuri hayupo. Akaketi nje ya mlango mpaka jioni. Karatasi ilitoka kesho yake mchana, na maiti alikuwa amekwisha zikwa. "Baba aliikunja karatasi ile," mzee alisema, "akaiweka ndani ya msahafu. Hakuitumia. Alisema, nimeomba ruhusa ya kumzika, sikuomba ruhusa ya kutembea."

Kijana aliuliza kama karatasi ile bado ipo. Mzee alisema ilipotea pamoja na vitu vingine, mwaka 1994.

Wale walio watu wazima wanajua kwamba mazungumzo katika nchi yetu yakiufikia mwaka huo hubadilika mwendo. Mzee hakusimulia yake, nami sikumwuliza. Lakini kwa ajili ya vijana wanaosoma ukurasa huu nitasema yaliyo wazi. Vitambulisho vilivyotaja kabila vilianzishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, na serikali zilizofuata baada ya uhuru zikaviacha hivyo hivyo. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kuanzia Aprili hadi Julai 1994, kila njia panda ya Kigali iliwekwa kizuizi, watu wakaitwa bariyeri jina lake, na pale kizuizini kadi ile ilisomwa. Mji usiokuwa na ukuta ukawa na malango mia, na kila lango liliua. Biryogo na Nyamirambo hazikuepuka. Damu ilimwagika huko kama kwingineko. Pamoja na hayo imeandikwa na kushuhudiwa kwamba Waislamu wengi, wa mtaa huu na wa mahali pengine, walikataa kuwagawa majirani zao, wakawaficha ndani ya nyumba na misikitini, na wengine wakafa kwa ajili hiyo. Watu waliokuwa wametengwa kwa karatasi miaka mingi walijua karatasi inaweza kumfanyia nini mwanadamu. Hayo ni maoni yangu, sikuyatoa kwa mzee.

Katikati ya mambo hayo mawili kuna historia ambayo nitaipita upesi. Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai 1962, na Kigali ikachaguliwa kuwa mji mkuu ingawa ilikuwa na wakazi wapatao 6,000 tu. Katika miaka iliyofuata masharti ya kambi yaliondoka. Leo, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, mji una watu zaidi ya milioni 1.7, na wengi wao hawajui kwamba mtaa wanaokwenda kula nyama choma jioni ulipata kuwa mahali ambapo mtu hakutoka ila kwa mhuri. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Sheria ilipita mapema kuliko tabia. Neno "umuswahili" lingali mitaani na maana yake ile ile, nami nadhani limetoka moja kwa moja katika kambi: mtu akifungiwa mahali, asipewe shule wala shamba, akaishi kwa biashara na maarifa yake, wenzake walio nje humwita mjanja.

Tuliporudi njiani kijana alikuwa kimya. Nilitumaini, kama mama yeyote angetumaini, kwamba angesema jambo la kunifurahisha. Hakusema. Alichouliza, basi lilipokuwa likiteremka, ni hiki: "Mama, na baba naye si anasimama barabarani akiwataka watu karatasi?"

Wasomaji mnaovaa sare, nakiri kwamba sikuwa tayari kwa swali hilo. Nilimwambia amwulize mwenyewe.

Alimwuliza saa moja usiku, baba alipokuwa akivua viatu vya kazi mlangoni. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Alikivua kiatu cha kwanza, akakivua cha pili, kisha akasema, "Mimi huangalia leseni, bima na matairi. Kitambulisho cha leo hakina kabila, na mtu akinionyesha cha namna ile ya zamani sitajua hata pa kukisoma. Gari likiwa zima, nalipisha." Akanyamaza kidogo. "Na mwenye kuwahi mazishi nampisha upesi." Wakati huo hakuwa amesikia habari ya mzee na karatasi yake, nilimhadithia baadaye, tulipokuwa tumewalaza watoto, na hakulala mapema.

Kijana aliandika kazi yake ya shule juu ya Biryogo. Mwalimu alimtaka aeleze vizuri zaidi lango lenyewe liko sehemu gani, na akamkata alama kwa hilo. Naona mwalimu alikuwa na haki kwa kiasi fulani, maana nami nimesomea ualimu, na swali lilitaka lango. Kuhusu Kiswahili njiani hatujafikia mwafaka. Anakisema nyumbani, na juzi nilimsikia dukani akiulizia bei ya kiberiti kwa Kiswahili. Alipotambua kwamba nipo nyuma yake akamalizia kwa Kinyarwanda.

Wanaotaka kufuata njia yetu na wapande asubuhi, kabla ya jua kali, kwani kilima cha kutoka Nyabugogo si mchezo kwa mwenye mtoto mgongoni. Makumbusho hutoza kiingilio, na ni vema kuuliza bei kabla hamjaingia na jamaa nzima. Viatu viwe vya kufunga. Biryogo msipige picha za watu bila kuwaomba, na ukiingia karibu na msikiti mavazi yawe ya heshima. Chai ya mukaru ni kali kwa watoto wadogo. Mwombe mwenye mgahawa apunguze tangawizi, atakubali.

Juma lijalo, pasipo kukosa: maharagwe, majivu na mitungi.